Marhamu ya Kovu

Soksi ndiyo iliyotangulia kusema. Zunilda alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya meza ya bibi yake, sokoni Itauguá, mji mdogo wa Paragwai, akavua soksi kwa sababu ya joto. Bibi huyo, Ña Anselma kama soko zima lilivyomwita kwa heshima, alikuwa anatwanga majani ya mteja. Akaona alama ya mpira imezama mguuni mwa mjukuu wake, imezunguka kama kamba iliyofungwa shingoni mwa ndama. Akaacha kutwanga. Akainama, akabonyeza kidole gumba juu ya kifundo. Kidole kilipotoka, shimo likabaki. Akahesabu kimoyomoyo mpaka ishirini. Shimo bado lipo.

"Bibi, unanifinya."

"Nyamaza. Mkojo wako una povu?"

"Bibi! Kuna watu hapa!"

Aliyekuwapo ni Fulgencio, dereva wa lori la matofali, anayesubiri majani ya kutia kwenye terere yake, kile kinywaji baridi cha mrija. Fulgencio akageuka upesi, akaanza kusoma kibao cha bei ya mayai kama anayesoma barua ya mahakama.

"Huyu ana mke na watoto sita, povu halimtishi," alisema Ña Anselma. "Jibu swali."

"Linakuwepo," Zunilda alinong'ona. "Kama la bia. Tangu mwezi uliopita."

Mwezi uliopita! Na mwenye meza ni mwanamke ambaye kwa miaka arobaini mtu akifika mbele yake akatamka "figo", hahitaji kuongeza neno la pili. Mkono wake unakwenda wenyewe kwenye majani ya mkia wa farasi, ya perdudilla, kwenye mizizi ambayo jina lake hamwambii mtu. Unatwanga, unafunga, unapokea noti, unarudisha chenji. Watu wanatia majani hayo kwenye maji ya barafu, wanamimina juu ya terere, wanafyonza kwa mrija kutwa nzima. Alikuwa na usemi wake: "Figo za Itauguá zote ni zangu, wenyewe wamezibeba tu." Na sasa figo za nyumbani kwake zimevuja mwezi mzima, na yeye hana habari.

Akafanya alichokijua. Wiki mbili alimtwangia mjukuu wake yale majani mazuri, yasiyofika mezani. Uvimbe ukamshukuru, ukapanda. Asubuhi moja Zunilda aliamka akashindwa kufumbua macho, kope zimejaa kama andazi. Ña Anselma akafunga meza siku ya Jumamosi, jambo ambalo hakulifanya hata alipomzika mumewe, wakaenda hospitali kubwa.

*

Daktari alikuwa msichana mwembamba aliyevaa viatu vya kukimbilia. Jina lake Noelia. Alimlaza Zunilda kifudifudi, akamchoma sindano ndefu mgongoni, akachukua kinyama cha figo kisichozidi uzi wa kutungia shanga. Baada ya siku chache akawaita.

"Bibi, figo kazi yake ni kuchuja damu," alianza. "Ndani yake kuna vichujio vidogo vidogo, maelfu kwa maelfu."

"Hayo nilikuwa nayajua kabla mama yako hajavunja ungo."

"Bibi!" alisema Zunilda.

Daktari akatabasamu kidogo, akaendelea. "Mwili una walinzi wake. Wa Zunilda wamekosea nyumba. Badala ya kupiga wezi, wanapiga vichujio. Vinavimba, vinapata moto, ndiyo maana vinavuja na mkojo unafanya povu. Sasa, palipoumia wanakuja mafundi wa kuziba. Hao ndio ubaya wenyewe. Fundi wa mwili hajui kusema 'imetosha'. Anajaza nyuzi, anajaza tena, mpaka palipokuwa na kichujio panakuwa ukuta. Hilo ndilo tunaliita kovu."

Zunilda alikuwa anatazama vidole vyake. Alikuwa mfumaji wa nanduti, ile lesi ya utando wa buibui ambayo mji wao unajulikana nayo, na vidole vyake havikuzoea kukaa bure. "Ni kama mtu achukue nanduti aliyoifuma mwenzie, azibe matundu yote kwa uzi," alisema.

"Hivyo hivyo."

"Basi si nanduti tena. Ni tambara la kufungia mikate ya chipa."

Daktari akafungua jalada lake. Kisha akasema, "Tumeangalia vichujio vyako. Katika kila kumi, vitatu vimeshakuwa kovu. Hivyo vimekwenda, sitakudanganya. Viwili ni vizima. Vitano vimevimba lakini havijawa kovu. Hivyo vitano ndivyo nitakavyovipigania. Vidonge vya kutuliza walinzi, miezi sita au zaidi, bila kuruka hata siku moja. Uso utavimba kwa dawa, uwe mviringo. Usiogope, baadaye utarudi."

"Kovu lina dawa," alisema Ña Anselma.

"Si hili, Bibi."

"Nimefuta kovu la moto kwenye shavu la mtoto wa mwokaji. Leo ni mtu mzima, anawadanganya wanawake kwa shavu hilo hilo."

"Hili liko ndani. Na jambo la pili: majani basi. Yote."

"Hata mnanaa?"

"Hata mnanaa, mpaka nitakaposema."

"Mnanaa ni harufu tu!"

Daktari akamtazama vizuri, kucha zake zilizokolea kijani. "Kwani Bibi unauza majani?"

"Nauza harufu," alijibu Ña Anselma, akafunga mkoba.

Walipofika mlangoni daktari akamwita. Aliongea taratibu, kama anayemwambia nyanya yake mwenyewe. "Bibi, majani yako yanaziamuru figo zikojoe. Hizi zimechoka. Sitaki mtu aziamuru."

Hilo lilimwingia. Kuambiwa mjinga angelijibu, tena kwa nyongeza. Alipoambiwa figo za mtoto zimechoka, aliitikia kwa kichwa akatoka.

*

Majani akayatoa nyumbani, hata mnanaa wa kwenye kopo la dirishani. Terere ya Zunilda ikawa maji baridi matupu, kikombe kwa kipimo. Lakini mtu aliyeishi kwa mikono yake hawezi kuikunja akatazama. Ña Anselma alichemsha mafuta ya uboho wa ng'ombe, akatia utomvu wa shubiri na maua ya manjano, akakoroga mpaka ikawa marhamu laini yenye harufu ya jikoni na kanisani kwa pamoja.

"Lala," alimwambia mjukuu wake jioni ile ya kwanza.

"Daktari amekataza, Bibi."

"Amekataza kunywa. Kupakwa hakukutaja. Nilikuwa nasikiliza, mimi."

Zunilda akalala kifudifudi. Chini ya mbavu, upande wa kushoto, palikuwa na kidoa chekundu cha sindano, kidogo kama kichwa cha kiberiti. Ña Anselma akaanzia hapo, akapaka kwa kuzungusha, taratibu, mgongo mzima wa chini. Ilikuwa tangu Zunilda ana miaka minane na surua hajamshika hivyo. Pumzi ya msichana ikawa ndefu. Tangu siku hiyo, kila jua likianza kulegea, alikuwa akija mwenyewe na kulala, blauzi ameshaipandisha.

Asubuhi vidonge tisa, jioni marhamu. Povu likaanza kupungua. Miguu ikarudi kuwa na mifupa. Lakini uso, kama daktari alivyosema, ukajaa. Mashavu yakapanda yakasukuma macho, kidevu kikapata mwenzake. Sokoni Ña Tomasa, muuza chipa wa meza ya pili, hakuwa mtu wa kuacha kitu kipite.

"Anselma, mjukuu amenona! Harusi lini?"

"Siku utakayouza chipa yenye jibini ndani."

"Na eti anakunywa vidonge vya hospitali? Nyumbani kwa muuza majani?" Ña Tomasa alicheka mpaka akashika meza. "Ni kama mimi nikanunue mikate kwingine!"

"Wote tunaokula kwako huwa tunatamani hivyo," alisema Ña Anselma, na watu wakacheka. Ila wiki hiyo wateja watatu wa figo walipita mbele yake wakajifanya wanatafuta nyanya.

*

Siku moja asubuhi watu walimfuata Ña Anselma mbio: aende ofisi ya ushirika wa wafumaji, mjukuu wake amezuiliwa. Akaenda na mchi mkononi, hakukumbuka kuuweka chini.

Zunilda alikuwa amesimama mbele ya dirisha la malipo, foleni ndefu nyuma yake. Karani alikuwa ameinua kitambulisho, anatazama picha, anamtazama yeye, kama anayelinganisha nguo na sampuli.

"Huyu wa kwenye picha siye huyu," karani alimwambia Ña Anselma. "Nahitaji mtu wa kumtambua."

"Labda amemmeza," sauti ilisema kwenye foleni. Wakacheka, si kwa ubaya sana, kwa uchovu wa kusimama.

Ña Anselma akamshika mjukuu wake sikio, akalivuta mbele ya kioo. "Unaona hili? La babu yake. Siku ya upepo tulimfunga asiruke. Andika hapo: bibi yake amemtambua kwa sikio."

Foleni nzima ikaangua kicheko, karani naye akacheka, akapiga muhuri. Ña Anselma alitoka na ushindi. Walikuwa wameshafika kwenye kona ya kanisa ndipo alipogundua kwamba aliyekuwa anacheka ni yeye peke yake. Zunilda alikuwa amejifunika uso kwa shali ya begani, kama mtu anayejikinga na vumbi, na hakukuwa na vumbi.

*

Wiki tatu baadaye uso ukaanza kurudi. Kidevu cha pili kilikwenda kwanza, halafu mashavu yakashuka, macho yakafunguka. Sokoni ikawa habari.

"Ña Anselma, mtoto amependeza!"

"Ni ile marhamu?"

"Nasikia umemtoa kovu la figo kwa kumpaka mgongoni!"

Angeweza kukataa. Alifungua kinywa akitaka kukataa, kwa kweli, ila katikati ya meno neno likageuka likawa tabasamu. Akainua bega, akasema, "Mikono ya zamani." Basi. Kufikia Ijumaa alikuwa ameuza vichupa kumi na kimoja. Hata Ña Tomasa alinunua kimoja, akakificha chini ya chipa. Fulgencio wa matofali alinunua viwili.

"Mimi mwenyewe miguu inavimba," alimwambia kwa siri. "Kliniki wamenipa vidonge vya presha ili figo zisiharibike. Lakini kama kupaka kunatosha, navitupa."

"Paka jioni," alisema Ña Anselma. La vidonge alilisikia, akaliacha lipite. Alikuwa anahesabu chenji.

Jioni hiyo Zunilda alilala kama kawaida. Ña Anselma akachota marhamu, akapaka chini ya mbavu, na kidoa cha sindano akakitafuta kwa kidole asikipate. Akafurahi. Akateremsha macho kwa furaha hiyo mpaka miguuni, na hapo akaona mpira wa soksi.

Umezama.

Alimaliza kupaka, akafunika mgongo, akasema anakwenda kukorogea nanduti wanga, maana ilikuwapo moja imewambwa kwenye fremu inangoja kukazwa. Akachukua kopo la wanga wa muhogo. Kijiko kilipoingia, kikagonga kitu. Akamimina wanga wote mezani. Vidonge vilitoka vyeupe ndani ya weupe, vingi, kama meno ya mtoto.

Zunilda alikuwa amesimama mlangoni.

"Tangu lini?" aliuliza Ña Anselma.

"Tangu ushirika."

"Siku ile nilikuvuta sikio."

"Nilitaka uso wangu, Bibi. Ninao huu mmoja tu. Nikasema wiki moja tu, nipumzike. Halafu watu wakaanza kukusifu. Ulikuwa unaingia nyumbani unaimba. Ningekuambiaje? Kila nikitaka kusema, unaniambia umeuza vichupa vingapi."

Ña Anselma alikaa. Kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi alitafuta mzaha akaukosa. Aligusa kila mfuko wa kichwa chake, mtupu.

"Miguu imeanza lini?"

"Juzi. Na kichefuchefu, na nguvu sina. Povu tangu wiki iliyopita."

Bibi akanyanyuka. Akachukua kipande cha nanduti cha majaribio, kigumu kwa wanga, akakitumbukiza kwenye bakuli la maji. Kando yake akatumbukiza feni ya mkono wanayouziwa watalii, ile ambayo nanduti yake imebandikwa kwa gundi. Wakakaa wawili wakalitazama bakuli kama wanaosubiri chai. Baada ya kitambo Ña Anselma akatoa kile kipande. Kililegea mkononi, matundu yake yote yakafunguka, maji yanapita. Akatoa feni. Ngumu vile vile.

"Wanga ukiuwahi na maji, unatoka," alisema. "Gundi haitoki, hata ulale nayo mtoni. Kuvimba ni wanga. Kovu ni gundi. Vitano vyako yule msichana wa viatu alikuwa anavitia maji, mwanangu. Mimi na wewe tumekwenda kuvinunulia gundi."

Zunilda akalia, na bibi yake akamwacha alie, mkono wake wenye mafuta ukiwa juu ya kile kisogo.

"Nitarudia kumeza," alisema baadaye. "Lakini na wewe useme. Sokoni. Kwa sauti ile ile uliyojisifu nayo."

"Afadhali nimeze hivyo vidonge mimi."

"Bibi."

"Nimesikia."

*

Alfajiri walikuwa hospitalini. Daktari Noelia alivimwaga vidonge kwenye kiganja, akavipuliza wanga, akavitazama, akamtazama Zunilda.

"Hivi haviachwi ghafla kama mchumba," alisema. "Mwili ulishavizoea, ungeweza kuzimia njiani ukafa. Ukichoka, unakuja kwangu tunagombana. Sawa?"

"Sawa, daktari."

"Kosa ni la mwenye mchi," alisema Ña Anselma. "Liandike hapo kwenye jalada."

Zunilda akalala wodini siku nne, dawa ya mshipani, kisha nyumbani na vidonge upya. Jumamosi Ña Anselma alifungua meza, akapanda juu ya kigoda, na kwa kuwa alikuwa mfupi, kigoda hicho hakikumsaidia sana.

"Jamani! Marhamu yangu haiponyi figo!"

Ña Tomasa akasimama na chipa mkononi. "Umesemaje?"

"Umenisikia, rudisha kile kichupa ulichokificha. Mjukuu wangu alipungua uso kwa sababu alitupa dawa. Amerudi kuvimba miguu. Mimi nilijua kuuza, sikujua kutazama. Pesa zenu hizi hapa."

Watu wakatafuta mahali pa kuweka macho. Wengine walikuja wakachukua noti zao bila kumtazama. Mwanamke mmoja alisema, kwa sauti ya kusikika, kwamba alijua tangu zamani. Ña Anselma alimrudishia naye, akamzidishia chenji kwa makusudi, ili amkere.

Fulgencio alifika mwisho, amekumbatia vichupa viwili. "Lakini Ña Anselma, mgongo wangu umelainika!"

"Basi paka mgongo. Vidonge vya presha umevitupa?"

"Viko kwenye lori. Chini ya kiti."

"Kavilete umeze hapa, nikiona."

Akaenda, akaleta. Akameza kidonge cha siku hiyo mbele ya soko zima, kwa maji ya Ña Tomasa. Na tangu hapo mteja akija na neno "figo", mkono wa Ña Anselma haukwenda popote kwanza. Aliinama, akabonyeza kidole gumba mguuni. Shimo likibaki, hakuuza. Walimwona amechanganyikiwa. Ila kliniki ya mtaani walianza kushangaa foleni yao.

*

Miezi mitatu baada ya kutoka wodini, Zunilda aliingia kwa daktari na uso wake wa mviringo, umefunikwa na kitu gani? Hakuna. Alikuwa ameshapiga picha mpya ya kitambulisho hivyo hivyo, na masikio yote mawili nje.

Daktari alisoma karatasi muda mrefu. "Povu limepungua sana," alisema. "Damu imetulia, ingawa haijarudi tulipokuwa."

"Vile vitano," alisema Ña Anselma. "Tuna vingapi?"

"Siwezi kuviona bila sindano nyingine, Bibi. Kwa damu hii nakisia vinne. Zile wiki bila dawa zimekula kitu."

Ña Anselma alitazama kucha zake. Kichujio kimoja. Alikiuza kwa vichupa kumi na kimoja na sifa za siku tano. Zunilda akaupeleka mkono wake, akaushika ule wa bibi chini ya meza, akaubana, hakuuachia.

"Vinne na viwili ni sita," alisema Zunilda. "Sita vinafuma."

"Sita vinafuma," daktari alikubali. "Geuka nikusikilize mapafu." Akapandisha blauzi, akaweka chombo chake baridi hapa na pale. Kisha akainama. Akapitisha kidole chini ya mbavu, upande wa kushoto, akasogea kwenye mwanga wa dirisha. "Sindano ilipita wapi? Huwa inabaki alama. Bibi, ulipaka nini hapa?"

Ña Anselma alikaa wima, kidevu kikapanda kidogo kidogo mpaka mahali pake pa zamani.

"Harufu tu, daktari."

Nyumbani jua lilipoanza kulegea, Zunilda alitandika, akalala kifudifudi, akapandisha blauzi. Bibi yake alikuwa anaosha kinu.

"Kovu lenyewe limeisha," alisema Ña Anselma. "Nipake nini tena? Makovu ya ndani hayasikii."

"Ya ndani hayasikii, Bibi," alisema Zunilda, shavu lake kubwa limebonyea juu ya mto. "Lakini mimi nasikia."

Ña Anselma akajifuta mikono, akaisugua kiganja kwa kiganja mpaka ikapata moto, akafungua kichupa.